Wanaokariri Vitufe

Nasema wazi tangu mwanzo, ili asiyetaka kugombana nami afunge ukurasa huu mapema: jinsi tunavyowafundisha walimu wetu vijana kutumia programu za slaidi ni kuwapumbaza. Hatuwafundishi kazi. Tunawakaririsha majina ya vitufe, tena majina ya lugha ambayo wengi wao hawajaimudu, kisha tunawapa vyeti kuthibitisha kwamba wameelimika katika Tehama.

Na mashine yenyewe sina ugomvi nayo. Nasema hivi kwa kuwa najua jinsi vijana wanavyopenda kutudhania sisi wazee: mtu akishapita miaka sabini na akazungumza juu ya kompyuta, basi lazima awe anaililia chaki. Chaki nimeivuta puani miaka mingi na sina hamu nayo. Ninacholalamikia ni ufundishaji, na hilo ni jambo ninalolifahamu.

Matunda ya ufundishaji huo tunayaona kila wiki hapa Dodoma. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia huku kwa dhati mwaka 2016, kutekeleza uamuzi uliopitishwa mwaka 1973, hapa pamekuwa makao makuu ya semina, warsha na makongamano. Ingia ukumbi wowote. Mtoa mada anafungua kompyuta mpakato yake, projekta inaunguruma, na ukutani yanatokea maandishi kama ya ukurasa wa gazeti, mistari kumi na mitano au ishirini, herufi zimesongamana kama sisimizi waliomwona mdudu aliyekufa. Kisha mtoa mada anawageuzia watu mgongo na kuanza kuyasoma. Anayasoma yote, neno kwa neno, kana kwamba ukumbi mzima haukupata kwenda shule. Kila sentensi inaingia kwa mbwembwe: hii inazunguka kama tiara, ile inadondoka kutoka juu, nyingine inapepesa. Akifika slaidi ya arobaini anatazama saa na kusema, "Kwa sababu ya ufinyu wa muda, naomba hizi niziruke." Anaruka sehemu ambayo ndiyo ilikuwa na jambo lenyewe, yaani nini kifanyike na nani alipe gharama. Watu wanapiga makofi, wanaomba watumiwe slaidi kwenye simu, wanakwenda kunywa chai.

Mtu huyo hakuzaliwa hivyo. Kuna mahali alifundishwa kuwa hivyo, na mahali penyewe ni kwetu, vyuoni.

Miaka michache iliyopita chuo kimoja cha ualimu cha kanda hii ya kati, ambacho sitakitaja, kiliniomba nisaidie kupitia majibu ya jaribio lao la ndani la Tehama. Ni kazi wanayopewa wastaafu tuliowahi kuongoza shule na ambao macho yetu bado yanafaa kwa msaada wa miwani. Swali mojawapo liliwataka wanachuo waeleze tofauti kati ya tranzisheni na animesheni. Jaribio liliandikwa kwa Kiingereza. Binti mmoja alijibu kwa Kiswahili. Aliandika kwamba la kwanza ni namna slaidi moja inavyoondoka kuipisha nyingine, na la pili ni namna kitu kilichomo ndani ya slaidi ileile kinavyojitokeza, kinavyosogea au kinavyotoweka kwa zamu aliyoipanga mwalimu. Akaongeza mfano ambao hakuombwa: mwalimu wa hisabati aonyeshe swali kwanza, jibu likae limefichwa mpaka watoto wajaribu wenyewe, ndipo abonyeze lijitokeze.

Alipewa sifuri kati ya alama nne.

Kijana mwingine aliandika Kiingereza kilichonyooka, nilichokitambua mara moja. Kilitoka katika kitini cha chuo, herufi kwa herufi, pamoja na kosa la uchapaji lililomo humo kitinini. Huyo alipata nne zote. Nikaomba aitwe, si kumwaibisha, ila kutaka kujua. Nikamwambia, "Mwanangu, hii hapa kompyuta. Hili ni swali na hili ni jibu. Nifichie jibu mpaka nitakapolitaka." Alihangaika na kipanya dakika sita hivi, akaigeuza slaidi rangi mara mbili, akaniomba radhi. Nilipomwuliza mkufunzi aliyesahihisha, kijana mwenye adabu njema, alinijibu, "Shikamoo, mzee wangu. Mwongozo wa usahihishaji ndivyo unavyoelekeza."

Mwongozo! Tangu lini mwongozo wa usahihishaji ukampa ushindi asiyejua dhidi ya anayejua? Hilo jaribio halikupima Tehama. Lilipima uwezo wa kuhifadhi Kiingereza cha watu wengine, na tutakuja kumpeleka yule aliyehifadhi akafundishe watoto wa Bahi na Manyoni, ilhali aliyeelewa anarudia mtihani.

Sasa nieleze kwa nini nasema yule binti alijua. Alijua kwa sababu kitu alichokieleza si kigeni. Karibu kila mbinu iliyomo katika programu hizi ilikuwa mezani pa mwalimu kabla mashine haijatengenezwa. Programu ya PowerPoint ilitoka mwaka 1987 kwa ajili ya kompyuta za Macintosh, kazi ya Robert Gaskins, Dennis Austin na wenzao katika kampuni ndogo ya Forethought, ambayo Microsoft iliinunua mwaka huohuo kwa dola milioni 14. Toleo lile la kwanza lilikuwa la rangi nyeusi na nyeupe, na shabaha yake ilikuwa kuchapa kurasa za kuweka juu ya projekta ya karatasi angavu, ile tuliyoiita ovahedi. Kwa maneno mengine, mashine ilibuniwa ili imsaidie mtu aliyekwisha kujua kusimama mbele ya watu akaeleza jambo. Haikubuniwa ili ijue kwa niaba yake.

Mwanachuo wa Ualimu Daraja la A wa zamani, aliyefundishwa kwa Kiswahili, alikuwa akichora chati ya ukutani na kuzifunika sehemu zake kwa vipande vya karatasi. Alibandua kimoja: mizizi. Akauliza maswali. Akabandua kingine: shina. Hiyo ndiyo animesheni, hakuna zaidi. Kazi yake ni kuongoza jicho la mtoto lisikimbilie mbele ya fikra zake. Mwalimu aliyewahi kubandua karatasi kwenye chati hawezi kamwe kufanya sentensi izunguke kama tiara, kwa kuwa atajiuliza: inazunguka ili iweje? Vilevile kufunua ukurasa wa bango kitita ndiyo tranzisheni, na kwa Kiswahili tunaweza kuiita mpito, neno ambalo kila mtu analielewa. Mpito unamwambia msikilizaji kwamba jambo lile limekwisha, sasa tunaingia jingine. Kama kila ukurasa unafunuliwa kwa kishindo, hakuna kishindo kinachobaki kumaanisha kitu.

Nikae kidogo kwenye kile kinachoitwa slaidi masta, kwa sababu hapo ndipo ninapoona jasho likimwagika bure. Nimewaona walimu wakikesha kubadilisha ukubwa wa herufi katika slaidi sitini, moja baada ya nyingine, kama mtu anayepalilia shamba kwa kijiko. Hao wote waliulizwa kwenye mtihani maana ya slaidi masta na wakajibu. Hakuna aliyewaambia kwamba ni kalibu. Huku kwetu kila kijana amefyatua tofali au amemwona anayefyatua, na anajua kwamba kalibu ikipinda matofali yote yatapinda. Slaidi kuu ndiyo kalibu ya slaidi nyingine: humo unaweka ukubwa wa herufi, rangi, mahali pa kichwa cha habari, nembo ya shule. Na hapa mashine inampita mfyatuaji, maana ukiirekebisha kalibu yake hata matofali yaliyokwisha kauka nayo yanajirekebisha, ila yale tu uliyoyachezea kwa mkono wako mwenyewe. Sentensi mbili za namna hiyo zingeokoa usiku mzima wa mwalimu. Kiolezo nacho ni kalibu iliyonunuliwa dukani, imekuja na rangi za mwenyewe. Mpangilio ni namna ya kuugawa ubao: wapi kichwa cha somo, wapi msamiati mpya usiofutwa mpaka kipindi kiishe, wapi pa kufanyia kazi na kufuta.

Lakini mbinu iliyo kuu kuliko zote, na ambayo sijaona ikifundishwa kwa uzito wake, ni ile sehemu iliyo chini ya slaidi ambayo wasikilizaji hawaioni: maandishi ya msemaji. Ukiunganisha kompyuta na projekta ipasavyo, ukutani inaonekana slaidi peke yake, na kwenye kompyuta yako unaiona slaidi, maandishi yako, saa, na slaidi inayofuata. Msomaji aliyewahi kuwa mwalimu ameshanielewa. Slaidi ni ubao. Maandishi ya msemaji ni andalio la somo. Katika enzi zetu, mwalimu aliyenakili andalio lake lote ubaoni kisha akalisoma, mkaguzi hakuhitaji kusubiri kengele. Alifunga daftari lake na kwenda ofisini kwa mwalimu mkuu. Leo mtu huyohuyo anaitwa mtaalamu na kulipwa posho. Tofauti ya mtoa mada mzuri na mbaya aghalabu ni hii tu, kwamba mmoja ameweka andalio mahali pa andalio na mwingine amelipaka ukutani. Na yale mengi ambayo watu wanataka kwenda nayo nyumbani mahali pake ni kwenye kitini. Mashine inajua hata hilo: unaweza kuchapa slaidi tatu kwa ukurasa, na pembeni ikakuwekea mistari ya mtu kuandika.

Zaidi ya hayo, kipo kitufe kimoja ambacho ningependa kila mwanachuo akijue kabla ya vingine vyote. Onyesho likiwa linaendelea, bonyeza herufi B. Ukuta unakuwa mweusi, na macho yote yanarudi kwako. Bonyeza tena, slaidi inarejea. Waliotengeneza mashine walijua kwamba kuna wakati slaidi inapaswa kunyamaza. Nimewauliza wakufunzi kadhaa juu ya kitufe hiki na wengi wao hawakukijua, ingawa wanaweza kukutajia majina ya mipito kumi na miwili kwa Kiingereza.

Watakuja wa kunipinga. Wa kwanza atasema Kiingereza ndiyo lugha ya kompyuta, na kwamba nikiwafundisha vijana kwa Kiswahili nitawafungia dunia. Huyu nimkumbushe kwamba mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, mkusanyiko wa programu za ofisi kwa Kiswahili, za bure, zikiwa na ya kuandikia, ya majedwali na ya slaidi. Baadaye Microsoft nayo ikatoa sura ya Kiswahili ya programu zake. Kazi ilifanyika. Sisi walimu ndio tulioiacha ikaota vumbi, tukaendelea kufungua mashine kwa Kiingereza kwa kuona fahari. Kisha kila Julai 7, tangu UNESCO ilipoitangaza siku hiyo mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, tunavaa fulana na kukisifu Kiswahili, na mtoa mada wa sherehe yenyewe anaonyesha slaidi zenye vichwa vya Kiingereza. Wala sisemi Kiingereza kifichwe. Mwanachuo aelewe kwanza kwa lugha anayofikiria, kisha aambiwe kwamba kwenye kitufe utakuta neno fulani. Hilo la pili ni kazi ya dakika moja.

Mpinzani wa pili yuko upande wangu, na ananiudhi zaidi. Ni yule fundi wa kuunda maneno ambaye hajawahi kutengeneza slaidi hata moja. Anakaa na kamusi mbili na kugeuza. Ndiyo maana nimewahi kumsikia mkufunzi akiwaamuru wanachuo "waweke risasi" mwanzoni mwa kila mstari, wakatazamana. Neno la Kiingereza ni la risasi, ni kweli, lakini kinachoonekana pale ni kitone. Kiite kitone. Maneno hukubalika kwa watu kwa sababu yanafanya kazi. Kompyuta iliwashinda ngamizi na tarakilishi huku kwetu bila kura kupigwa. Barua pepe ilipita. Kitini kilipita. Kishikwambi watu walikicheka, lakini vile vya Sensa ya mwaka 2022 vilipogawiwa walimu, kila mtu alikuwa ameshalizoea jina. Mkuu wa nchi aling'atuka mwaka 1985 kwa neno la Kizanaki na hakuna aliyepotea njia. Slaidi ni slaidi, tuiache. Lakini anayetaka kuunda neno aje kwanza akae mbele ya mashine afanye kazi, ndipo ajue kitu kinahitaji jina gani.

Msomaji anaweza kuniuliza, kelele zote hizi kwa mambo ya slaidi? Nimpe mfano mmoja wa mbali. Februari 1, 2003 chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Columbia kilivunjika kikiwa kinarudi duniani, na wanaanga wote saba wakafa. Kipande cha povu kilikuwa kimegonga bawa wakati wa kuruka, na wahandisi walieleza tathmini yao kwa wakubwa wao kwa slaidi. Kichwa cha slaidi mojawapo, kwa herufi kubwa, kilitia moyo. Habari ya hatari, kwamba kipande kile kilikuwa kikubwa mno kupita vyote vilivyopata kufanyiwa majaribio, ilikaa chini kabisa kwa herufi ndogo, ndani ya vitone vilivyozaa vitone. Bodi ya uchunguzi ililaumu waziwazi desturi ya kutumia slaidi za PowerPoint mahali pa taarifa kamili za kiufundi. Wale hawakuwa watu wajinga, na Kiingereza walikijua. Ila ngazi za vitone ziliwafikirisha vibaya.

Nasi huku hatuhitaji kwenda angani. Mradi wa karanga wa Kongwa, uliozinduliwa mwaka 1947 na kutupwa mwaka 1951 baada ya kupoteza zaidi ya pauni milioni 36, haukuwa na slaidi, lakini ulikuwa na karatasi safi zenye takwimu zilizopangika. Ardhi ya Ugogo inavyokauka ikawa kama saruji haikuwemo kwenye karatasi. Mgogo yeyote angewaambia. Leo ninapomwona ofisa akieleza mpango wa maji wa kijiji kwa vitone vitano na mshale unaopanda, huwa nakumbuka karanga.

Tena tukumbuke ni nani tunamwandaa, na kwa ajili ya wapi. Jua la Dodoma halina simile. Darasa halina pazia, na slaidi yenye mandharinyuma ya bluu iliyokolea na herufi za njano, iliyopendeza chuoni, ikifika shuleni haionekani hata kivuli. Herufi nyeusi juu ya nyeupe, kubwa, maneno machache, hizo zinaonekana. Umeme unakatika, wala hautoi taarifa. Mwalimu aliyefundishwa kwamba somo ni slaidi, umeme ukikatika somo limekatika, na watoto tisini wanatoka nje kucheza. Aliyefundishwa kwamba slaidi ni ubao mmojawapo atachukua kipande cha mkaa akaendelea ukutani.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa vyuo vyetu ni moja, na nimekwisha lipeleka kwa maandishi mara mbili bila kujibiwa. Lile swali la kutaja maana lifutwe. Kila mwanachuo apewe darasa la wenzake kwa dakika kumi, slaidi zisizidi tano, andalio mezani. Aeleze kwa lugha anayoitaka mambo ambayo wenzake hawakuyajua. Ikifika dakika ya tano, mkufunzi achomoe waya wa projekta bila kusema neno, na alama nusu zitokane na dakika tano zilizobaki. Nimeambiwa kwamba gharama haijatengewa fungu. Gharama ni chaki. Niko tayari kuitoa mimi, boksi moja kila muhula, na ya mwezi huu nimekwisha inunua.